Billy Tipton: Mpiga jazi aliyefichuliwa na kifo

MNAMO Januari 21, 1989, wahudumu wa ambulensi waliitwa kwa dharura katika nyumba moja ndogo mjini Spokane, jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Humo walimkuta mzee wa miaka 74 akiwa hali mahututi, na mmoja wa wanawe akiwa kando yake. Walipomfungua nguo ili kujaribu kuyaokoa maisha yake, waligundua jambo ambalo mwana huyo, aliyelelewa na mzee huyo tangu utotoni, hakuwa na habari nalo. Mwili wa babake ulikuwa wa kike.

Mzee huyo aliitwa Billy Tipton. Kwa zaidi ya miaka 40 alijichumia riziki kwa kupiga piano na saksafoni, kuimba na kuongoza bendi za muziki wa jazi kuanzia Oklahoma na Missouri hadi Oregon na Washington. Aliishi na wanawake watano kwa nyakati tofauti, kila mmoja akijulikana kwa watu kama Bi Tipton, na alilea watoto watatu wa kiume. Wanamuziki waliopanda naye jukwaani usiku baada ya usiku walimjua kama mwanamume mwenzao. Majirani vivyo hivyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa Tipton, methali hiyo ilitimia mara mbili. Aliuficha mwili wake, na alipougua aliukwepa uchunguzi wa daktari hadi dakika ya mwisho.

Hata hivyo, kilichotokea siku hiyo hakikuwa kufichuka kwa siri tu. Kulizuka mjadala ambao haujakoma hadi leo. Mtu akishafariki bila kuacha maelezo, ni nani mwenye haki ya kusema alikuwa nani?

Utoto katika mji wa muziki

Tipton alizaliwa Desemba 29, 1914, jijini Oklahoma City, akapewa jina Dorothy Lucille. Babake alikuwa rubani, kazi iliyokuwa ya kustaajabisha enzi hizo, na mara mojamoja alimpandisha mtoto wake kwenye ndege. Ndoa ya wazazi hao ilipovunjika, mtoto alikwenda kulelewa na jamaa yake jijini Kansas City, jimbo la Missouri. Tangu hapo alimwona babake kwa nadra.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hulijua neno jazi kutokana na majina ya bendi za zamani kama vile Morogoro Jazz na Western Jazz za Tanzania, au OK Jazz ya Kinshasa. Bendi hizo zilipiga rumba na dansi, lakini zilijitwalia jina hilo kwa sababu lilikuwa na sifa ya usasa na starehe. Jazi yenyewe ilizaliwa miongoni mwa Wamarekani Weusi, hasa katika jiji la New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Sifa yake kuu ni kwamba mpiga ala huchukua wimbo unaojulikana na wote kisha akaubunia milio yake papo hapo, pasi na kuandikiwa.

Kansas City ilikuwa mojawapo ya ngome za muziki huo. Ingawa sheria ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa pombe kuanzia 1920 hadi 1933, jiji hilo lilikuwa chini ya mwanasiasa mwenye ushawishi mkubwa, Tom Pendergast, na vilabu vyake viliendelea kuuza vileo na kuchezesha muziki hadi alfajiri. Humo ndimo alimokulia Charlie Parker, na ndimo alimojijengea jina Count Basie. Ijapokuwa ubaguzi wa rangi ulitenga Weusi na Wazungu katika mambo mengi, muziki wa Weusi ulisikika kila pembe. Tipton, ambaye alikuwa Mzungu, alivutiwa nao kama vijana wengi wa rika lake.

Shuleni wenzake walimpa jina la utani Tippy. Alijifunza piano na saksafoni, na aliporejea Oklahoma kumalizia mwaka wake wa mwisho wa sekondari, alijiunga na bendi ya shule. Kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kuamua kwamba muziki ndio utakaokuwa kazi yake.

Mlango uliofungwa

Uamuzi huo ulikuja wakati mbaya. Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza 1929 ulikuwa umefikia kilele chake, na mwaka 1933 takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na ajira. Oklahoma iliumia zaidi kwa kuwa ukame na tufani za vumbi ziliwafukuza wakulima mashambani.

Isitoshe, ulimwengu wa bendi ulikuwa wa wanaume. Mwanamke aliruhusiwa kusimama mbele na kuimba akiwa amevaa gauni la kupendeza, ila kumpa kiti miongoni mwa wapiga ala lilikuwa jambo jingine. Wapo waliopenya. Mary Lou Williams, mpiga piano na mtunzi hodari, alikuwa nguzo ya bendi ya Andy Kirk papo hapo Kansas City. Lakini watu wa namna hiyo walikuwa wachache mno, na kwa chipukizi asiye na jina wala pesa nafasi zilikuwa finyu.

Hivyo basi, akiwa hajafikisha miaka 20, Tipton alikata nywele, akajifunga kitambaa kifuani, akavaa suti ya kiume na kwenda kutafuta kazi. Alijiita Billy, jina ambalo babake alikuwa akiitwa na watu wake. Kazi ilipatikana.

Hapo mwanzo mavazi hayo yalikuwa ya jukwaani pekee. Kufikia 1940, Tipton alikuwa akiishi kama mwanamume saa zote, kazini na nyumbani. Binamu wawili wa kike aliodumisha uhusiano nao ndio pekee wanaofahamika kuwa walizijua pande zote mbili za maisha yake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hizo mbili hazikusema.

Maisha ya barabarani

Mnamo 1936 Tipton alikuwa akiongoza bendi iliyosikika katika kituo cha redio cha KFXR. Miaka miwili baadaye alijiunga na kundi la Louvenie's Western Swingbillies, lililotumbuiza redioni na katika mabaa. Kuanzia 1941 alikaa miaka miwili na nusu katika ukumbi wa Cotton Club mjini Joplin, Missouri, akiwa na bendi ya George Mayer. Baada ya hapo alifululiza hadi Texas, alikopiga muziki kwa takriban miaka miwili.

Maisha ya mwanamuziki wa daraja hilo hayakuwa ya fahari. Ni safari ndefu kwa gari lililosheheni ala na wanaume watano au sita, hoteli za bei ya chini, vyumba vya kulala wawili wawili, na jasho la ukumbini kila usiku. Anayetafakari hali hiyo hawezi kukosa kushangazwa na nidhamu aliyohitaji mtu aliyekuwa na jambo la kuficha. Kubadilisha nguo, kuoga, kuugua, hata kupata jeraha dogo, kila kimojawapo kilikuwa hatari.

Hatari yenyewe haikuwa ya kuaibika tu. Miji kadhaa ya Marekani ilikuwa na sheria ndogo, nyingine zikiwa zimepitishwa katikati ya karne ya 19, zilizomruhusu polisi kumkamata mtu aliyevaa mavazi ambayo hayakuhesabiwa kuwa ya jinsia yake. Kufichuliwa kungeweza kumaanisha seli, kupoteza kazi au kipigo. Kwamba kipigo kingeweza kuwa cha kuua kulithibitika hata baada ya enzi zake. Mwezi Desemba 1993, kijana Brandon Teena, aliyekuwa akiishi kama mwanamume katika jimbo la Nebraska, aliuawa akiwa na miaka 21 na watu waliokuwa wamemgundua.

Mnamo 1949 Tipton alianza ziara ya eneo la kaskazini magharibi pamoja na Mayer. Mjini Roseburg, Oregon, kituo cha redio cha huko kiliyarekodi maonyesho yao katika ukumbi wa Shalimar Room. Mjini Coeur d'Alene, Idaho, walitumbuiza katika ukumbi uliowaalika pia magwiji kama Billy Eckstine na kundi la Ink Spots. Baadaye alianzisha kundi lake mwenyewe, Billy Tipton Trio, yeye akipiga piano na wenzake wawili wakishika ngoma na besi.

Mtindo wake ulikuwa wa swingi, jazi ya kuchezeka iliyotamba tangu katikati ya miaka ya 1930, na aliyemwiga zaidi ni Teddy Wilson, mpiga piano wa Benny Goodman. Kando na kupiga ala, Tipton aliimba, alitania na kuiga sauti za watu mashuhuri. Hakuwa mvumbuzi wa mtindo mpya kama Parker. Alikuwa fundi anayejua kazi yake, mtu wa kuhakikisha kwamba waliolipa kiingilio wanarudi nyumbani wakiwa wamechangamka.

Umaarufu aliokataa

Bahati ilimbishia hodi mwaka 1956. Kampuni ya santuri ya Tops, iliyojulikana kwa kuuza muziki kwa bei nafuu, iliwaalika watatu hao kurekodi. Zilitoka santuri mbili mwaka 1957, Sweet Georgia Brown na Billy Tipton Plays Hi-Fi on Piano. Katika mwaka huo ziliuzwa nakala zaidi ya 17,000, idadi iliyokuwa ya kuridhisha kwa kampuni ndogo.

Mwaka uliofuata milango miwili ilifunguka kwa mpigo. Kampuni ya Tops iliwataka warekodi santuri nyingine nne. Hoteli ya Holiday, katika jiji la Reno, Nevada, nayo iliwapa nafasi ya kuwa bendi ya kudumu ya ukumbi wake. Reno lilikuwa jiji la kamari na starehe ambako nyota wakubwa walipita, na ambako mwanamuziki wa mikoani angeweza kupata jina la kitaifa na mshahara wa uhakika.

Tipton alikataa yote mawili. Badala yake alihamia Spokane, akaanza kazi ya uwakala wa wasanii, akiwatafutia wanamuziki wengine maonyesho, huku kundi lake likitumbuiza mara moja kwa wiki katika ukumbi wa hapo mjini.

Sababu hakuwahi kuieleza, na inawezekana kwamba mtu wa miaka 43 aliyekuwa amezunguka nusu ya maisha yake alichoka na barabara. Hata hivyo, ni vigumu kutouona upande wa pili. Umaarufu huja na wapiga picha na waandishi wanaouliza mtu alizaliwa wapi, alisoma shule gani na nani alimfahamu utotoni. Mnamo 1952, magazeti ya Marekani yalikuwa yamejaa habari za Christine Jorgensen, aliyekuwa askari wa jeshi la nchi hiyo na ambaye alifanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia nchini Denmark. Yeyote aliyesoma magazeti hayo alijionea jinsi mtu mmoja anavyoweza kugeuzwa kioja cha taifa zima ndani ya siku chache.

Wapo wasanii wengi waliokosa umaarufu kwa sababu haukuwafikia. Tipton ulimfikia mlangoni, naye akaufunga mlango.

Baba wa Spokane

Wa kwanza kati ya wanawake walioishi na Tipton alikuwa naye tangu 1934 hadi mapema katika miaka ya 1940. Waliofuata baadaye walisema hawakuijua siri. Kwao Tipton alikuwa na maelezo tayari. Aliwaambia kwamba alipata ajali mbaya ya gari iliyomvunja mbavu na kumjeruhi sehemu za siri, na kwamba kwa sababu hiyo alilazimika kujifunga bendeji kifuani kila siku. Hakubadilisha nguo mbele ya mtu, na alifunga mlango wa bafu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefunga naye ndoa ya kisheria, ingawa majirani na marafiki hawakuwa na shaka yoyote kwamba ni mume na mke.

Watu wengi waliposikia habari hizo waliuliza inawezekanaje mke asijue. Swali hilo lina uzito wake. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba enzi hizo mambo ya mwili hayakujadiliwa wazi hata baina ya mume na mke, na kwamba mtu humwamini mwenzi wake anapomweleza kwamba ana jeraha linalomtia uchungu na aibu. Kwa wanawake hao, kugundua baadaye kwamba jeraha hilo lilikuwa hadithi ya kubuni kulikuwa na maumivu yake. Hilo nalo ni sehemu ya ukweli wa maisha ya Tipton na halifai kufunikwa. Aliowapenda walimpa imani yao yote, naye hakuweza kuwapa ukweli wote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianza kuishi na mwanamke wa tano, aliyekuwa mcheza dansi wa vilabuni, na wakachukua watoto watatu wa kiume kuwalea. Tipton alijitosa katika ulezi kwa moyo wote. Alijitolea katika shughuli za skauti na za chama cha wazazi na walimu. Mpiga piano aliyekuwa akirudi nyumbani alfajiri sasa alikuwa mzazi wa kawaida wa mtaa wa kawaida.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, maradhi ya baridi yabisi yalimshika vidole na kumlazimisha kuacha muziki. Baada ya muda wenzi hao walitengana, na Tipton akaishia katika kijiji cha nyumba za magurudumu, makazi ya watu wa kipato cha chini. Pesa hazikuwapo. Alipoanza kudhoofika alidhani ni mapafu yaliyoharibiwa na sigara, akakataa kuitiwa daktari. Kilichomuua kilikuwa kidonda cha tumbo kilichokuwa kikivuja damu, ugonjwa ambao tayari ulikuwa na matibabu.

Yaelekea siri aliyoitunza kwa nusu karne ndiyo iliyomzuia kulala kwenye kitanda cha hospitali. Hapa ndipo hadithi ya Tipton inapoacha kuwa kioja. Gharama ya kujificha haikuwa umaarufu pekee. Ilikuwa pia uhai wake.

Alioa au aliolewa?

Familia ilijaribu kuyamaliza mambo kimyakimya na mwili ukachomwa, lakini habari zilivuja. Gazeti la hapo mjini lilizichapisha baada ya mazishi, mashirika ya habari yakazisambaza, na ndani ya siku chache jina la Billy Tipton likajulikana kote nchini. Umaarufu aliouepuka mwaka 1958 ulimfuata kaburini. Picha zake zilichapishwa katika magazeti ya udaku na ya heshima pia, na jamaa zake wakaalikwa kwenye vipindi vya televisheni kuulizwa maswali ya chumbani mbele ya hadhira.

Kauli iliyotawala wakati huo ilikuwa kwamba Tipton alikuwa mwanamke aliyewahadaa watu ili apate kazi ya muziki. Maelezo hayo yalieleweka kwa urahisi, kwani kila mtu anajua njaa inaweza kumfanya mtu atende mengi. Tatizo ni kwamba hayaelezi maisha yake yote.

Kwanza, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia wanaume wengi waliitwa jeshini, na bendi za wanawake kama International Sweethearts of Rhythm zikajaza kumbi. Kama lengo la Tipton lingekuwa ajira tu, huo ndio uliokuwa wakati wa kurejea kwenye jina lake la kwanza. Hakurejea. Pili, katika miaka kumi ya mwisho ya maisha yake hakuwa na jukwaa, bendi wala hadhira ya kuiridhisha. Alikuwa mzee maskini mwenye vidole vilivyokakamaa, na bado kila asubuhi aliamka akavaa kama mwanamume. Suti iliyovaliwa kwa ajili ya kazi huvuliwa kazi inapokwisha. Ya Tipton haikuvuliwa.

Ndiyo maana leo wengi humtaja kuwa mtu aliyebadili jinsia, yaani aliyezaliwa na mwili uliohesabiwa kuwa wa kike lakini akajitambua na kuishi kama mwanamume. Maneno hayo hayakuwapo midomoni mwa watu wa Oklahoma mwaka 1934, na Tipton hakuacha shajara wala barua ya kujieleza. Kinachojulikana ni matendo yake, na matendo hayo yalikuwa ya namna moja kwa nusu karne.

Magazeti ya Kiingereza yalitatizika hata katika sarufi, kwa kuwa lugha hiyo ina kiwakilishi kimoja cha mwanamume na kingine cha mwanamke, na mwandishi hawezi kumaliza aya bila kuchagua. Baadhi yalivichanganya vyote viwili. Kiswahili kina nafuu hapo. Tunasema alizaliwa, alipiga piano, alifariki, na kiambishi hicho cha a- hakiulizi jinsia ya mtu.

Ila Kiswahili nacho kina kona yake, na kona hiyo ni ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Msimulizi anaweza kujikinga kwa kusema walioana, au kwamba waliishi pamoja kama ilivyosemwa hapo juu, lakini atakapofika kwa watoto atahitaji kusema kama Tipton alikuwa baba au mama. Na hapo jibu lilikwisha kutolewa na waliokuwa na haki kubwa zaidi ya kulitoa. Mwanawe aliyekuwepo siku ile ya Januari aliendelea kumwita baba.

Kutoka kioja hadi kumbukumbu

Simulizi ya kwanza ya kina kuhusu maisha hayo iliandikwa na Diane Middlebrook, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, baada ya kuombwa na mwenzi wa mwisho wa Tipton. Kitabu chake, Suits Me, kilitoka mwaka 1998. Middlebrook aliwafuatilia wanamuziki na wanawake walioishi na Tipton, na mengi yanayofahamika leo yanatokana na jitihada zake. Hata hivyo, alimtazama Tipton zaidi kama mwigizaji aliyelicheza vyema jukumu alilojipa. Wasomi na wanaharakati waliobadili jinsia walimkosoa, wakisema kwamba maisha ya miaka 50 si maigizo.

Mwaka huohuo, mshairi na mwandishi Jackie Kay, mzaliwa wa Scotland ambaye babake mzazi alitoka Nigeria, alichapisha riwaya yake Trumpet. Aliichota mbegu ya kisa cha Tipton akaipanda kwingine. Mhusika wake ni mpiga tarumbeta Mweusi wa Scotland, na swali la riwaya hiyo haliko katika siri yenyewe. Liko kwa waliobaki, mjane anayejua na kumpenda, na mwana anayehisi ametapeliwa. Riwaya hiyo ilitunukiwa tuzo ya fasihi ya gazeti la Guardian la Uingereza.

Mnamo 2020 ilitoka filamu ya hali halisi iitwayo No Ordinary Man, iliyoongozwa na Aisling Chin-Yee na Chase Joynt wa Canada. Waongozaji hao waliwaalika waigizaji waliobadili jinsia wajaribu kuigiza vipande vya maisha ya Tipton, kisha wakawauliza wanamwonaje. Badala ya kumchungulia kana kwamba ni mshukiwa, walimtazama kama mtangulizi wao, mtu aliyepata njia ya kuishi wakati hakukuwa na njia. Mmoja wa wanawe pia alishiriki, na humo alipata kusikia kutoka kwa wageni kwamba babake ana maana kubwa kwao. Alikuwa amezoea, tangu 1989, kuulizwa kuhusu hadaa.

Tofauti kati ya vipindi vile vya televisheni na filamu hiyo inapima umbali uliosafiriwa katika miaka 31. Tipton mwenyewe hakubadilika, na hakuna barua mpya iliyopatikana ndani ya sanduku. Kilichobadilika ni swali. Zamani watu waliuliza aliwezaje kuwadanganya wote hao. Sasa wanauliza kilikuwa kinamngoja nini kama angesema kweli.

Santuri zake mbili bado zinasikilizwa na wapenzi wa jazi. Anayeziweka masikioni bila kujua historia ya mpigaji hatasikia siri yoyote. Atamsikia mpiga piano mchangamfu, mwepesi wa vidole, akiwa na ngoma na besi nyuma yake, akiwafurahisha watu. Hivyo ndivyo Billy Tipton alivyotaka kujulikana, na kwa zaidi ya miaka 40 ndivyo alivyojulikana.